Kumleta Mlamula

Siku baba yangu alipomkata baba mdogo vidole viwili vya mkono wa kushoto, mimi nilikuwa nimesimama karibu nao, nimekumbatia mmea mchanga ambao mizizi yake ilikuwa bado inadondosha udongo. Mmea huo ndio waliokuwa wakiupigania. Nilikuwa nimeung'oa mwenyewe, muda mfupi tu kabla ya hapo, nikiamini kwamba nikiufikisha mbele yao wataacha kupigana.

Nilikuwa darasa la kwanza.

Sikuwa nimelifikiria jambo hili kwa utulivu kwa miaka mingi, hadi tulipomzika baba mdogo mwaka huu. Msibani mtu alipitisha sahani ya kahawa ya kutafuna, yale matunda makavu yaliyochemshwa na majani yenye harufu kisha yakaanikwa, yamefungwa kwenye jani la mgomba kama zamani. Jani lilipofunguliwa, harufu ilinirudisha nyuma ghafla, nikalazimika kukaa chini. Watu walidhani ni majonzi ya marehemu. Kwa kiasi fulani yalikuwa majonzi ya marehemu.

Nitaeleza kwa mpangilio, kwa sababu kila mtu kwetu anaeleza yake. Niliyoyaona nitasema niliyaona. Niliyoambiwa nitasema niliambiwa.

Kibanja chetu kiko Kaagya. Migomba imesongamana, chini yake kuna mibuni, na ardhi yote imetandazwa nyasi kavu ambazo mvua ikinyesha hulainika na kunuka kama ghala la chakula. Babu alikigawa akiwa kitandani: upande wa kulia wa baba yangu, upande wa kushoto wa baba mdogo, na Bibi katikati yao, juu, karibu na barabara. Babu mwenyewe alizikwa chini, kando ya mibuni mizee kuliko yote. Mpaka ulishuka kutoka barabarani, mlamula baada ya mlamula, mpaka karibu na kaburi lake. Hapo ulikuwa na kona. Mlamula wa kwenye kona ulikuwa umeoza, na baba yangu akapanda mwingine mchanga.

Baba alisema ameupanda palepale. Baba mdogo alisema umesogea, na kwa kusogea huko mibuni mizee na kaburi vyote vimeangukia kwetu.

Wenzangu wa kwetu wanaijua mimea hiyo, yenye majani marefu yaliyopangana kama msuko wa nywele. Kwa Kihaya, kulamula ni kuamua kati ya watu, au kuwaachanisha wanaopigana. Ndiyo maana mmea wa mpakani ukaitwa hivyo. Bibi alipenda kutuonyesha, mimi na Koku, tukiwa tumekaa naye tunamenya ndizi.

"Mnamwona huyu?" alisema, akielekeza kisu kwenye mlamula. "Huyu hana mdomo, lakini huamua. Akiwepo yeye, watu hawapigani."

Koku alikuwa binti wa baba mdogo, tumelingana umri. Tulioga ndoo moja, tukabadilishana gauni la Jumapili, na ukimwita mmoja tulikuja wote. Mimi na Koku tuliyapokea maneno ya Bibi kama yalivyo. Tulimsalimia mlamula tukipita. Tulijua kwamba yeye ni mtu wa aina yake, mtu wa majani, ambaye kazi yake ni kuzuia ugomvi.

Kitu kingine nilichokijua vibaya ni ekiniga. Kwa Kihaya ni hasira, lakini mimi sikulijua neno hilo hivyo. Baba alikuwa mtu wa kucheka. Alitubeba mabegani, mimi na kaka yangu mkubwa, akatuchumia mapera. Kisha siku nyingine angetoka migombani macho yamebadilika, akapiga teke ndoo, akampiga Mama kofi, akampiga kaka kwa chochote alichokishika, na Bibi angesema kwa sauti ya chini, "Ekiniga kimemkamata." Nikaelewa kwamba ndani ya migomba yetu anaishi mnyama aitwaye Ekiniga, anayekamata watu wazima. Nilijua hata umbo lake. Alikuwa na vidole virefu. Kila Baba alipokwenda kukata majani nilimwomba asichelewe.

Basi ugomvi wa mpaka ulipoanza, sikushangaa. Niliamini mnyama yule amepata wawili kwa mpigo.

Asubuhi moja tulikuta migomba ya baba mdogo imekatwa. Mikungu michanga ilikuwa imelala chini, utomvu unatiririka kwenye shina kama maji ya puani. Aliyekata sikumwona. Siku chache baadaye mbwa wetu alirudi akijikokota kwa miguu ya mbele, mgongo umevunjika, akafia mlangoni pa jiko. Aliyempiga sikumwona pia. Nilichokiona ni Baba akinoa panga kwenye jiwe nyuma ya nyumba, panga ambalo lilikuwa tayari linanyoa nywele za mkono wake.

"Wewe na Baba Koku mmenyonya ziwa moja," Mama alimwambia.

"Basi na aje tulinyonye tena," Baba alijibu, akaendelea kunoa.

Kuanzia hapo mimi na Koku tulikatazwa kuzungumza. Tulikutana nyuma ya choo cha Bibi na kuzungumza kwa kunong'ona. Tulikubaliana jambo moja: mlamula wa kwenye kona ni mdogo mno, hana nguvu, ndiyo maana watu wanagombana mbele yake. Koku akasema labda hawaoni kwa sababu yuko mbali na nyumba.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Ilikuwa siku isiyo ya shule, Bibi anamenya ndizi, kaka yangu anakata kuni. Baba mdogo alitokea upande wake na jembe begani.

"Kaka," alisema, "leo utaniambia mti ule wa kona ulitembeaje. Una miguu?"

"Muulize aliyekunyima akili."

"Mzee amelala pale anakusikia. Hata yeye umemhamisha."

"Wewe ukipewa kibanja chote utakiuza unywe rubisi mpaka uvimbe miguu."

"Nitakunywa rubisi juu ya kaburi lako, mwizi wewe!"

Baba alicheka. Ninalikumbuka cheko lile kuliko matusi. Kisha akaingia nyumbani na kutoka na panga.

Walianzia juu, karibu na uwanja wa Bibi. Baba mdogo alirusha jembe, likapita hewani na kukwama kwenye mgomba, akalichomoa. Baba alipiga kwa ubapa, mara ya kwanza begani, mara ya pili usoni. Damu ilimtoka baba mdogo puani, akailamba. Kaka yangu aliokota jiwe, akasimama nalo, hajui amrushie nani. Koku alikuwa upande wa pili, ameziba masikio kwa mikono, mdomo wazi.

Bibi alisimama, kisu kimemdondoka, ndizi zimetapakaa. "Mawe! Mawe wee!" alilia, yaani mama wee kwa Kihaya. "Wanauana!" Akaniona mimi. "Wee mtoto! Kimbia! Kamlete mlamuzi!"

Mlamuzi ni mtu. Ni mzee wa ukoo anayeitwa kuamua ugomvi. Wetu alikaa ng'ambo ya barabara akitengeneza baiskeli, na sisi watoto tulimwita Mzee Spoku. Kwamba yeye ndiye mlamuzi, sikuwa na habari. Mimi nilisikia mlamula. Tofauti ni silabi ya mwisho tu, na Bibi alikuwa analia.

Nikakimbia, si kuelekea barabarani bali kushuka migombani, mpaka kwenye kona. Udongo ulikuwa umelowa. Nilishika shina kwa mikono miwili, nikakanyaga ardhi kwa visigino, nikavuta. Alitoka kwa urahisi, na mimi nikaanguka chali huku yuko kifuani. Nakumbuka nilimwambia, "Twende, wanakuita."

Nilipanda naye juu. Baba na baba mdogo walikuwa wameshashuka nusu ya njia, wanasukumana. Nilisimama mbele yao nikapaza sauti yangu yote:

"Baba! Mlamula huyu hapa! Nimemleta!"

Baba aligeuka. Baba mdogo akashusha mpini wa jembe, na mfupa wa bega la baba yangu ulilia kama kuni kavu. Baba hakuanguka. Alizungusha panga kwa mkono uliobaki mzima, na baba mdogo akainua mkono wa kushoto kujikinga.

Vidole vilianguka kwenye nyasi. Nilidhani ni ndizi. Kuku walikuja mbio kama wanavyokuja chochote kikidondoka, na Bibi akajitupa juu ya vidole vile, akatandaza kanga yake pale chini huku akiwatukana kuku wale kwa majina ya watu.

Hata baada ya hapo waliendelea. Huwa nasimulia hili na watu hawaamini. Walishikana, mmoja ana mkono unaotoka damu, mwingine bega limening'inia, wakabingirika kuteremka mpaka kwenye kona na kaburini, wakipigana vichwa, wakiumana. Majirani wakaja, wengi, wakawaangukia kuwatenganisha. Mzee Spoku alikuja mwenyewe kwa kusikia kelele. Yeye ndiye aliyemfunga baba mdogo mkono kwa mpira wa baiskeli na kumpakia kumpeleka hospitali mjini. Baba alichukuliwa na askari.

Baadaye kesi ilirudishwa nyumbani, kwa ukoo. Wazee walikuja kuangalia mpaka. Waliuliza, "Mlamula wa kona ulikuwa wapi?" Watu wote wakanitazama mimi. Nikaenda nikaonyesha. Kisha nikaona si hapo, nikaonyesha pengine. Nyasi zilikuwa zimevurugwa, ardhi imekanyagwa na miguu ya kijiji kizima, mashimo ya visigino kila mahali. Mzee mmoja akasema, si kwa ukali, "Mtoto huyu ameng'oa shahidi." Wakaondoka bila kuamua.

Bibi aliuokota mmea pale nilipoutupa, akaupanda kando ya mlango wa jiko lake. Mlamula haufi kirahisi. Ulishika.

Shuleni habari ilifika kabla yangu. Wanafunzi waliniamkia kwa kuinua mkono wa kushoto, vidole viwili vimekunjwa. Walinyanyua tu ule mkono wa vidole vitatu, darasani, mstarini, njiani. Niliwapiga. Nilikuwa mdogo lakini nilipiga kama Baba, bila onyo, na nilipiga usoni. Nilimchana msichana mmoja shavu kwa kifuniko cha kalamu. Nilimsukuma mvulana kwenye moto wa uji, akaungua kiwiko. Nilichapwa fimbo mbele ya shule nzima, nikarudi darasani nikampiga aliyecheka nilipokuwa nachapwa.

Kisha siku moja, njiani, Koku aliinua mkono wa kushoto.

Nilikuwa na dumu la maji. Nilimpiga nalo mdomoni. Jino lilitoka na damu ikamwagika kwenye sare, na yeye akanirukia, akanishika mkono na kuning'ata chini ya kiwiko mpaka meno yakakutana. Kovu ninalo. Tulipoachanishwa alikuwa analia na kusema maneno ambayo nadhani hayakuwa yake: "Ukoo wenu wa mapanga! Tutawamaliza!" Ukoo wetu na wake ni mmoja.

Mama alinifungia nguo kwenye mfuko wa plastiki, akanipeleka Muleba kwa shangazi.

Shangazi alikuwa dada yao wote wawili, amewazidi umri. Aliuza ndizi sokoni, alikuwa mpana, mwenye sauti nzito, na shavu lake moja lilikuwa limevimba kidogo daima. Nilidhani ni jipu. Siku ya kwanza nilimrushia kikombe cha uji kwa sababu alikuwa ameniita mara mbili. Alinipiga kofi moja, nikakaa chini. Halafu naye akakaa chini, pale pale sakafuni, tukatazamana.

"Kimekukaba wapi?" aliuliza.

"Nini?"

"Ekiniga. Kimekukaba wapi? Hapa?" Aligusa koo lake. "Au hapa?" Akagusa tumbo.

Nilimwambia hakijanikamata, kiko Kaagya migombani, kinamkamata Baba. Shangazi hakucheka, na kwa hilo namshukuru hadi leo.

"Kuniga ni nini kwa Kihaya?"

"Kukaba mtu shingo."

"Basi. Si mnyama. Ni kile kinachokukaba kutoka ndani. Baba yako anacho, baba yako mdogo anacho, mimi ninacho kuliko wote, na wewe umerithi. Sasa niambie, kimekukaba wapi?"

Nilifikiri. Lilikuwa swali la kwanza la aina hiyo maishani mwangu. Nikamwambia, "Kwenye meno."

"Vizuri. Kwenye meno ndiko tutakakokiwekea kitu."

Alitoa kutoka shavuni mwake lile jipu. Lilikuwa tunda la kahawa, jeusi, linang'aa kwa mate, zima. Akanipa lingine kavu kutoka kwenye jani. Sharti lilikuwa jepesi kusema: ukihisi kimekukaba, weka kahawa mdomoni, kati ya meno na shavu, usiipasue. Ukishaipasua, sema au tenda, hakuna kurudi nyuma. "Ikiwa nzima, wewe ndiye mlamuzi," alisema. "Ukiipasua, umeshaamua."

Mimi nilielewa kwamba ni dawa. Na dawa, nilijua, ukinywa nyingi unapona haraka. Alipokwenda sokoni nilifungua jani nikazitafuna, ngumi nzima. Zilikuwa chungu, kisha tamu kidogo, kisha moyo wangu ukaanza kupiga kama mtu anayetwanga. Nilitoka nje nikampiga jirani yetu, msichana mkubwa ambaye hakuwa amenifanya lolote, nikampiga na mbuzi wake. Shangazi aliporudi alinikuta juu ya mti, siwezi kushuka, nazungumza peke yangu.

"Nilikwambia uiweke!" alipiga kelele kutoka chini, akicheka mpaka akashika mti. "Sikukwambia uile! Mtoto wa kaka yangu, umekula kahawa ya msiba mzima!"

Hiyo ndiyo mara ya kwanza niliyocheka nami tangu nitoke Kaagya.

Lakini sikuamini mpaka siku ya sokoni. Nilikuwa nimekaa nyuma ya shangazi. Mnunuzi mmoja alibishana naye juu ya mkungu, akainamia uso wake akasema kwa sauti ya kusikika, "Ninyi si ndio wa Kaagya, wa mapanga? Nitajuaje kama ndani ya ndizi hizi hakuna vidole?"

Watu walicheka. Shangazi alikuwa na kisu mkononi, anakata majani makavu. Niliona mishipa ya mkono wake ikisimama. Nilimwona baba yangu, uso uleule, macho yaleyale, na nikajikunja nikisubiri. Yeye alichukua kahawa kutoka kwenye kanga, akaiweka shavuni. Kisha kile kisu akakiweka chini, akakikalia. Akakaa juu ya kisu chake mwenyewe, mwili wote unatetemeka kama gari lililowashwa bila kuondoka.

Mtu yule aliupiga mkungu teke. Shangazi hakuinuka.

"Umenikasirisha," alisema polepole, kahawa ikimzuia kidogo. "Umenikasirisha sana. Ondoka mbele yangu. Ndizi zangu utanunua siku nyingine."

Mtu yule aliondoka. Alitukana akiwa mbali, kama wanavyofanya. Shangazi aliendelea kutetemeka. Mpaka siku ile niliamini kuna watu wenye hasira na watu wasio nayo, na kwamba wasio nayo ndio wema. Sasa niliona mtu mwenye hasira kubwa kuliko ya Baba, imeenea mwili mzima, na yeye ameikalia. Muda ulipopita nilisikia kahawa ikipasuka kati ya meno yake, sauti kavu, ndogo. Akageuka akaniambia, "Haya. Sasa nina njaa. Tukale."

Sikupona. Nilipigana tena Muleba, zaidi ya mara moja. Lakini nilijifunza kusema "nimekasirika" kabla ya mkono kuondoka, na nikagundua kwamba baada ya "nimekasirika" mara nyingi hufuata neno jingine, "naogopa," ambalo lilikuwa limejificha nyuma yake tangu mwanzo.

Niliporudi Kaagya nilikutana na Koku njia ya kisimani. Aliinua mkono wa kushoto, vidole viwili vimekunjwa. Pengo la jino lilikuwa bado. Niliweka kahawa shavuni.

"Nimekasirika," nilimwambia. "Na naogopa utaning'ata."

Alishusha mkono. Alikuwa amejiandaa kwa mambo yote isipokuwa hilo. "Unakula nini?"

"Sili. Nimeiweka."

"Kwa nini?"

Nikamweleza, vibaya, kwa haraka. Kisha nikatoa kahawa nyingine mfukoni, nikaipasua kwa meno. Ndani ya tunda moja kuna mbegu mbili zilizolaliana. Wazee wetu waliofanya undugu wa damu waligawana hizo mbili, na waliogawana hawakuruhusiwa kuumizana tena. Mimi na Koku tuliyasikia hayo kwa Bibi, na tuliyaamini kama tulivyomwamini mlamula. Nikamnyooshea moja.

"Baba amesema nisile kitu cha kwenu," alisema.

"Hii si ya kwetu. Ni ya Muleba."

Alifikiri. "Ya Muleba sawa," akasema, akaila.

Watu wazima hawakugawana chochote. Baba yangu na baba mdogo waliishi kando kwa kando miaka yote iliyobaki bila kusalimiana. Baba mdogo alijifunza kushika jembe kwa vidole vitatu, na nilipopita alinisalimia kwa kuinua mkono uleule, bila hila yoyote, kwa kuwa ndio aliokuwa nao. Shangazi alikwenda kwa mmoja na mwingine na kahawa kwenye kanga. Wote walimkaribisha, wote waliila, kila mmoja kwake. Bibi alifariki. Baba alifariki. Kona ile iliachwa, haikulimwa wala kutandazwa nyasi, ikaota magugu.

Mwaka huu vijana walipokwenda kuchimba kaburi la baba mdogo, kaka yangu alisimama na kuwauliza kwa nini wanachimbia upande wetu. Kaka zake Koku walikuwa na mapanga ya kufyekea. Koku alinitazama kupitia watu wote wale, nywele zimeanza mvi, na kuniuliza mbele yao, "Wewe ndiye uliyeung'oa. Shimo lilikuwa wapi?"

Nilikuwa na kahawa ya msibani shavuni. Nilisema ukweli, kwamba sijui. Nilisema pia kwamba nimelitafuta shimo lile katika akili yangu maisha yangu yote, na kila mara ninaliona mahali tofauti. Mtu mmoja alikohoa. Wakamzika baba mdogo karibu kabisa na Babu, kwa kuminyana, ili lisiwepo swali siku ile.

Mlamula wa Bibi bado upo. Umepita paa la jiko, jiko lenyewe limebomoka, na mmea umesimama peke yake, mpaka usiotenga kitu na kitu.

Ninaishi Buhembe. Juzi jioni Koku alinipigia simu kutoka Kaagya, ambako amerudi kukaa katika nyumba ya baba yake.

"Kaka yako yuko kwenye kona," alisema. "Anachimba mashimo ya migomba."

"Upande gani?"

"Unaniuliza mimi?"

Kwa mbali nilisikia jembe likigonga ardhi, au nilidhani nimelisikia. Nikauliza kama amewaambia kaka zake.

"Bado. Wako ndani wanakula." Maneno yake yalitoka kwa shida, kama mtu mwenye kitu mdomoni, na nilijua ni kitu gani. "Nimeiweka tangu saa ile alipoanza."

"Koku," nikasema. "Kimekukaba wapi?"

Nilimsikia akipumua. Kisha, wazi kabisa, nikaisikia ikipasuka.